Sura ya Saba: Mashine Isiyonguruma

Mashine ya kukatia nyasi inayotumia petroli hujitangaza. Mtu akivuta kamba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtaa mzima wa Njiro au wa Karen unajua kwamba leo kwa fulani wanakata nyasi. Mbwa anakimbilia nyuma ya nyumba, watoto wanaitwa ndani, na apitaye nje ya ukuta anajua kuna chuma kinazunguka upande wa pili. Injini ikizimwa, kila mtu anasikia kwamba imezimwa. Ule mngurumo, pamoja na kero yake yote, umekuwa kwa miaka mingi onyo ambalo halikuhitaji mwalimu.

Mashine ya betri imeliondoa onyo hilo. Ikifanya kazi hutoa mvumo ambao jirani huenda asiusikie, na ikisimama inanyamaza kabisa. Hakuna injini inayotetemeka ikikusubiri, hakuna harufu ya mafuta, hakuna bomba la moshi lenye joto la kukukumbusha kwamba kitu hiki kina nguvu. Imekaa tu kwenye nyasi kama toroli. Lakini betri imejaa, mota iko tayari, na kati ya kisu kilichotulia na kisu kinachozunguka kuna kitufe kimoja na upau mmoja wa kubana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee, na kwa mashine hii maneno hayo yachukuliwe kama yalivyo.

Sisemi haya ili nikurudishe kwenye petroli. Madaktari wa masikio huhesabu kwamba kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku inatosha kuanza kuharibu usikivu, na mashine nyingi za petroli hufika 90 hivi kwenye sikio la anayezisukuma. Ya betri iko chini ya hapo. Humimini petroli karibu na injini yenye moto, huvuti moshi, hupambani na kamba iliyokatika. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2021, na kuanzia injini za modeli ya 2024 vifaa vipya vingi vya bustani haviruhusiwi kutoa moshi wowote. Soko la dunia linageuka, na mashine za betri zinazidi kuingia kwenye maduka yetu na kwenye makontena ya ndugu walioko ughaibuni. Ni vizuri zije. Ila mazoea tuliyoyapata kwa mashine ya petroli, ya kusikiliza kwanza ndipo tuogope, hayatatulinda. Swali la kujiuliza kabla ya kuinama kwenye mashine hii ni moja: betri iko wapi?

*

Tuanze na kisu chenyewe, maana wengi hawajawahi kukiona kikiwa kazini.

Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilibuniwa na Edwin Beard Budding, fundi wa Thrupp karibu na Stroud huko Uingereza, aliyepewa hataza yake mwaka 1830. Alikuwa ameona kwenye viwanda vya nguo mtambo wenye visu vilivyojizungusha kwenye silinda, ukinyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu, akauhamishia kwenye nyasi. Visu vyake vilikata kwa kupita juu ya ubapa uliotulia, kama mkasi unavyofanya. Mashine nyingi za nyumbani za leo hazifuati njia hiyo. Zimetokana na ukoo mwingine, uliopata umaarufu baada ya mwaka 1952, pale Mervyn Victor Richardson wa Sydney, Australia, alipounda nyumbani kwake mashine yenye kisu cha kulala kinachozunguka, tangi lake la mafuta likiwa kopo la matunda ya pichi. Kisu cha namna hii hakina ubapa wa pili wa kukishindilia nyasi. Kinaupiga unyasi hewani kabla haujapata muda wa kuinama.

Kwa maneno mengine, kinakata kwa kasi zaidi ya ukali. Ndiyo maana kisu butu, ambacho ungekipitisha kidoleni kisikukwaruze, bado kinaweza kuchukua vidole vyote vya mguu.

Chukua kisu cha sentimita 46, kipimo cha kawaida kwa mashine ya nyumbani, kikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ncha yake inasafiri mita 72 kila sekunde, yaani kama kilomita 260 kwa saa. Wewe unatembea kilomita nne kwa saa. Kwa kila mita moja unayosogea, kisu kimekwisha kuzunguka mara 45 hivi.

Marekani, ambako karibu kila nyumba ya kando ya mji ina uwanja wa nyasi, ilibidi serikali iingilie. Kanuni ya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, inayohusu mashine za kusukuma zilizotengenezwa baada ya tarehe 30 Juni 1982, inataka kisu kizunguke tu wakati mtu ameshikilia upau wa kwenye mpini, na akiuachia kisu kiwe kimesimama ndani ya sekunde tatu. Tena inataka pawe na tendo la pili la kuwasha, lililo tofauti na kubana upau, ili mtu asiwashe kwa kugusa kwa bahati mbaya. Ndiyo maana mashine yako ina kitufe cha kubonyeza kwanza kisha upau wa kuvuta. Watu wengine huona ni usumbufu wa kiwandani, kumbe ni mambo yaliyoandikwa baada ya mikono na miguu mingi kupotea.

Sekunde tatu ni chache kwa mtu, si kwa kisu. Kikipungua mwendo sawasawa kutoka mizunguko 50 kwa sekunde hadi sifuri, kitakuwa kimezunguka mara 75 kabla hakijatulia. Kwenye mashine ya betri mara nyingi mota yenyewe ndiyo inayogeuka breki, na kisu huweza kusimama mapema zaidi. Ijaribu yako: simama nyuma ya mpini, achia upau, sikiliza mvumo ukifa huku ukihesabu polepole. Ukivuka tatu na bado unasikia kitu kinazunguka, mashine hiyo iende kwa fundi kabla ya kugusa nyasi tena.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi kuliko yote katika sura hii. Mahali pengi utakuta upau umefungwa kwenye mpini kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, au kwa waya, ili anayesukuma asichoke kubana. Kwa utepe mmoja wa mpira, kinga yote imeondolewa. Akiteleza akaanguka, kisu hakijui kwamba ameanguka. Kama mashine ni ya aina inayojivuta yenyewe kwa magurudumu, huenda ikaendelea kutembea bila mtu, kuelekea popote ilikokuwa imeelekezwa. Ukiukuta utepe huo kwenye mashine yako, ukate leo. Kama mkono wa mtu unachoka, apumzike. Betri nayo itapoa.

*

Ajali ya mkono ina mahali pake hasa, napo ni chini ya kifuniko, mashine ikiwa imeziba.

Fikiria mwezi wa Aprili, masika imekolea, nyasi zimekua juma zima bila kukatwa na asubuhi bado zina umande. Mashine inakwenda vizuri hatua chache, kisha sauti inakuwa nzito, kisha inakatika. Haijaharibika. Kidhibiti cha umeme kilichomo ndani kimeona mota inalazimishwa kupita uwezo wake, kikakata umeme ili isiungue. Ukiinamisha mashine utaliona bonge: nyasi mbichi zilizosagwa, zimeshikamana na udongo, kijani cheusi, zimejaza nafasi yote kati ya kisu na ukuta wa kifuniko mpaka kwenye tundu la kutokea. Kisu kimezama humo, ncha moja tu inaonekana. Kila kitu kimetulia. Mkono unajipeleka wenyewe, maana kazi inaonekana ni ya kuchota tu.

Usichote. Achia upau, ngoja. Chomoa ufunguo wa usalama kama mashine yako inao; wengi huuacha kwenye tundu lake mwaka mzima kana kwamba ni sehemu ya plastiki. Kisha fungua mlango wa betri, itoe, na uiweke chini mahali unapoiona, hatua mbili tatu kutoka mashine ilipo. Napendekeza uiweke mbele ya macho yako kwa sababu ya mtu wa pili. Mara nyingi kuna mtu wa pili: kijana anayesaidia, mwenye nyumba aliyekuja kuuliza mbona imenyamaza, mtoto anayependa vitufe. Anayeiona betri kwenye nyasi anajua kazi inaendelea chini ya mashine, na wewe unayeiona unajua hakuna aliyeirudisha.

Kwa mashine ya petroli tulifundishwa kuchomoa waya wa plagi, na tulifundishwa pia tuilaze upande gani ili oili isiingie kwenye kichujio cha hewa. Hapa hakuna oili, hakuna kichujio; ilaze upande ulio rahisi kwako. Vaa glavu nene. Tumia kijiti kukwangua bonge, kuanzia pembeni kuja katikati. Kisu kitasogea kadiri unavyoondoa nyasi, na ukikizungusha utahisi kinakwama na kuachia, kinakwama na kuachia, kwa vituo vidogo vidogo. Hizo ni sumaku za mota. Hakiwezi kujiwasha betri ikiwa nje, lakini bado kinaweza kukubana kidole dhidi ya kifuniko, kwa hiyo mkono mmoja ukishike kwa glavu wakati mwingine unakwangua.

Usiimwagie maji ya mpira, achilia mbali yale ya pampu ya kuoshea magari. Mashine inaweza kuvumilia matone, ila maji ya msukumo huingia kwenye mota na kwenye viungio vya betri, yakaleta kutu ambayo hutaiona mpaka siku itakapogoma. Brashi kavu na kitambaa chenye unyevu vinatosha.

Kwa kuwa umekwisha kuilaza, kiangalie kisu. Kama ncha zimeliwa au kimepinda baada ya kugonga jiwe, usikinyooshe kwa nyundo, nunua kingine. Kama ni butu tu, fungua bolti ya katikati kwa spana, ukikizuia kisu kwa kipande cha mbao, kinoe kwa tupa pande zote mbili kwa kiasi kilekile, kisha kitundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, uupunguze kidogo. Kisu kisicho na mizani hutikisa mashine nzima, na kutikisika ndiko kunakolegeza bolti. Ukikirudisha, kaza hadi mwisho kwa kipimo cha kijitabu. Kisu kizima kimeshikwa na bolti hiyo moja.

*

Kabla ya betri kuingia, tembea uwanjani. Maboma yetu mengi yamejengwa hivi karibuni au bado yanajengwa, na ardhi yake imezika mengi: misumari, vipande vya waya wa kufungia nondo, kokoto, vigae, vichwa vya bolti. Mvua huvifukua kimoja kimoja. Mfupa aliouacha mbwa, mpira wa kumwagilia uliosahauliwa, kichwa cha bomba kilichochomoza sentimita mbili juu ya ardhi, vyote vinafichwa na nyasi. Kitu kigumu kikipigwa na kisu kinatoka na sehemu kubwa ya ile kasi tuliyoihesabu. Ndiyo kazi ya ule mlango wa plastiki au wa mpira ulioko kwenye tundu la kutokea, ambao watu huuinua na kuufunga juu ili nyasi zitoke haraka. Uache uanguke mahali pake, au uweke mfuko wa kukusanyia. Na watu wengine wakae mbali, mita 15 hivi, hasa upande wa lile tundu.

Macho yako yanahitaji miwani ya kinga. Ya kusomea haitoshi.

Miguuni, kandambili hazifai hata kidogo. Najua ndizo zilizoko mlangoni, najua jua la Kigamboni likoje saa nne asubuhi. Zinateleza kwenye nyasi mbichi, zinachomoka kwenye mteremko, na zinauacha mguu wazi mbele ya kitu kilichoundwa kukata kilicho laini. Gambuti ni afadhali kwa sababu halitelezi sana, ingawa mpira wake hauzuii kisu. Kilicho bora ni buti la ngozi lenye chuma vidoleni na soli yenye meno.

Miguu huumia hasa mtu anapoivuta mashine kuelekea kwake. Anarudi kinyumenyume kwenye kona, kisigino kinagota kwenye mzizi au ukingo wa ua, anakaa chini bila kupenda, na mikono yake, ikitafuta cha kushika, inauvuta mpini. Mashine inampanda miguuni. Upau hauachiwi na mtu anayeanguka akiwa ameushikilia, anaubana zaidi. Basi sukuma mbele, geuza kwa upana, na kama kona haina njia nyingine, achia upau kwanza, ivute ikiwa imenyamaza, uwashe upya. Kuwasha mashine ya betri ni kazi ya sekunde, tofauti na kuvuta kamba, na hii ni faida yake ambayo watu hawaitumii.

Penye mteremko, katiza kwa ubavu, usipande na kushuka. Ukipanda, mashine ikikushinda inarudi juu yako. Ukishuka ukiteleza, unaingia chini yake. Vijitabu vingi vya watengenezaji vinaweka mwisho kwenye nyuzi 15, yaani ardhi inayoinuka kama sentimita 27 kwa kila mita moja. Anayeishi Tigoni au Lushoto anajua kwamba ua mwingi una sehemu kali kuliko hapo. Sehemu hizo ziachie fyekeo.

Kwa watoto, nafuata ushauri wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, unaosema mtoto asisukume mashine ya namna hii kabla ya kutimiza miaka 12, na asiendeshe ile ya kukalia kabla ya miaka 16. Wadogo wakae ndani ya nyumba kazi inapoendelea. Kwa mashine ya petroli mtoto aliogopa mwenyewe. Hii haimtishi, inamvutia.

Neno moja kuhusu nyasi zenyewe. Zile nyasi nene zinazotambaa za nyanda za juu za Kenya, ambazo dunia inaziita kwa jina la Kikuyu na ambazo zimehamia hadi Australia na California, hujisuka zikawa zulia zito. Ukoka wa pwani ni mwembamba lakini mgumu. Kwa zote mbili, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Nyasi zikiwa zimekuzidi, inua kisu juu, pita, kisha ushushe siku nyingine. Anayelazimisha kumaliza kwa mkupuo ndiye anayeziba, na anayeziba ndiye anayeinama.

*

Sasa betri, ambayo iko nje ya mashine na imelala mahali fulani nyumbani mwako.

Betri inayouzwa kama ya volti 40 kwa kawaida ni seli kumi za lithiamu zilizofuatana, kila moja ikiwa na volti 3.6 hivi, kwa hiyo inafanya kazi kwenye volti 36. Yenye ampea-saa 5 imebeba wati-saa 180. Umeme huo hautakurusha kama wa ukutani. Hatari yake ni kwamba unaweza kutoka wote kwa wakati mmoja. Msumari au kipande cha waya kikigusa ncha mbili kwa pamoja, kinakuwa chekundu papo hapo. Usiitupe kwenye sanduku moja na spana na misumari.

Ndani ya seli kuna kimiminika kinachowaka. Seli ikipata joto kupita kiasi, ikipondwa au ikichajiwa vibaya, huanza kujipasha yenyewe, na joto lake huiwasha ya jirani, na ya jirani nyingine. Moshi wake una sumu. Kwa hiyo betri iliyoanguka ikapasuka, iliyovimba, inayonuka au inayopata joto bila kazi, itoe nje ya nyumba, mbali na ukuta na gari, na usiichaji tena. Ikiwaka ndani, watoe watu, funga mlango nyuma yako, piga simu ya zimamoto. Kitanda, kochi na zulia si mahali pa kuchajia. Sakafu ya saruji ndiyo mahali pake, penye hewa, na isiwe kwenye njia pekee ya kutokea nyumba inapoungua.

Adui wake mkubwa huku kwetu ni joto. Stoo ya mabati saa nane mchana, au buti la gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam, ni tanuri. Iweke ndani, kivulini, ikiwa na nusu ya chaji kama hutaitumia kwa muda. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe kabla ya kuichaji. Chaja nzuri hukataa yenyewe, za bei rahisi hazikatai. Na umeme ukikatika wakati inachaji, chomoa plagi, maana ukirudi huja na mshtuko. Kile kifaa cha kulindia friji kitaifaa na chaja pia.

Walio Marekani wanaotaka kuwapelekea wazazi mashine nyumbani, tafadhalini someni hapa. Chaja ya huko inaweza kuwa ya volti 120 tu. Tanzania umeme wa ukutani ni volti 230 na Kenya 240. Angalia kibandiko cha chaja mahali palipoandikwa umeme unaoingia: ikisema 100 hadi 240, iko salama, ikisema 120, itaungua siku ya kwanza, na inaweza kuungua vibaya. Betri nayo usiifungashe kwenye sanduku la ndege. Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hiyo ya wati-saa 180 tuliyoitaja imekwisha kuvuka. Ni heri ununue mashine nzima huku, yenye chaja ya huku.

Betri iliyokufa haitupwi kwenye shimo la takataka. Shimo letu huchomwa moto, na anayechoma ni mtu aliyesimama karibu na kijiti mkononi. Irudishe dukani iliponunuliwa au uipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme.

*

Haya yote yameandikwa kwenye kijitabu kilichokuja na mashine, mengi yake kwa Kiingereza, nacho kimo kabatini mwa aliyeinunua. Anayesukuma ni mwingine. Kama umemwajiri mtu akutunzie bustani, buti, miwani na glavu ni juu yako. Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Usimkabidhi mashine getini na kuondoka. Kaa naye, mwache aitoe betri na kuirudisha mara kadhaa mpaka mikono yake izoee, ilazeni mashine pamoja, muonyeshe kisu. Mwambie waziwazi kwamba mashine ikiziba hatakemewa kwa kuchelewa, kwa sababu anayeogopa kukemewa ndiye anayeingiza mkono.

Na mwambie, ajue kila aliye nyumbani, la kufanya damu ikitoka. Bana kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunuafunua kuangalia, na uinue kiungo juu. Kidole kilichokatika kitafute. Kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, ufunge, kisha mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja, kitagandishwa kikafa. Kiende hospitali pamoja na mwenyewe, kwenye gari moja. Kama ni jicho limepigwa na kimekwama kitu ndani, usikichomoe wala usilisugue. Lifunike kwa kikombe cha karatasi bila kulikandamiza, mwende. Ukifika, mwambie daktari kwamba jeraha limeguswa na udongo na nyasi, na umtajie mara ya mwisho mgonjwa alipochanjwa pepopunda. Kama hakumbuki, sema hakumbuki, ili achanjwe siku hiyohiyo.